Doa la Shavu la Mama Bernadette

Jumamosi, mwezi wa nane, 2018. Observatory, Johannesburg.

Upepo. Tangu alfajiri unapiga mabati ya jirani, na vumbi la Agosti limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nyasi za jiji zima ni kahawia. Nimerudi nyumbani saa tisa mchana, nimekaa kwenye kochi la mteja ambalo nilitakiwa niwe nimelimaliza jana, na koti sijavua.

Leo nimeumbuka. Kosa lenyewe nililifanya miaka mitatu iliyopita, ila leo ndiyo limetoka nje, tena mchana kweupe.

Ngoja nianze na bunduki zenyewe, maana nikianza na aibu nitafunga kompyuta nikalale.

Wanaonisoma siku zote wanaujua ugonjwa wangu. Wewe mgeni, mimi naitwa Beno, mtu wa Morogoro, fundi makochi. Mke wangu ni Nomvula. Wazazi wake walikuwa wapigania uhuru wa huku waliokimbilia kwetu, yeye akazaliwa Morogoro palepale, na Kiswahili anakijua kuliko mimi, hasa upande wa kusema watu. Sinywi, sivuti, sichezi kamari. Nina wazimu mmoja tu, nao ni bunduki za upepo.

Sisemi zile za dukani, zenye kitako cha plastiki, zinazolia kama mlango mbovu. Zangu zimetengenezwa kwa mkono, moja moja, na mzee mmoja, ndani ya gereji moja hapa hapa Observatory. Ninazo tano. Baruti haimo. Unauvunja mtutu kwenda chini, springi ndani inajikunja, unaweka kirisasi kidogo kama punje ya mtama, unaurudisha mtutu, unalenga. Ukifyatua, springi inausukuma upepo, upepo unakisukuma kirisasi. Unasikia "tii" basi, halafu kule mbele kizibo cha soda kinaruka.

Ukishaisikia ile "tii" ya bunduki iliyotengenezwa vizuri, umekwisha.

Mzee mwenyewe ni Papa Kalenga, mtu wa Likasi, Kongo. Kwao alikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye migodi. Alipofika Johannesburg alilinda magari ya watu kwanza, miaka mingi tu, baadaye akapata kazi kwenye karakana, na jioni akawa anarudi kwenye gereji yake aliyopanga na kuanza kukereza vitu vyake mwenyewe. Springi alizikunja mwenyewe. Washa ya ngozi, ile inayozuia upepo usivuje, aliikata kutoka kwenye mikanda ya zamani, akailoweka kwenye mafuta wiki nzima. Namba ya bunduki alikuwa anaigonga ndani, kwenye chuma, mahali ambapo mwenye bunduki haoni. Nilimwuliza kwa nini asiigonge nje watu waone. Akaniuliza mimi jina langu nimeliandika kwenye paji la uso?

Na bunduki yake hununui tu ukaondoka nayo. Hapana. Kwanza anakupima uso.

Anakusimamisha kwenye gereji, anakupa bunduki ambayo kitako chake bado mti mbichi, anakwambia funga macho. Unaipandisha begani, unalaza shavu unavyojisikia. Halafu anasema fungua. Ukifungua macho na jicho halipo sawasawa na tundu la kulengea, anakunyang'anya, anachukua kipande cha kioo kilichovunjika, anakwangua mti kidogo. Tena: funga, pandisha, fungua. Mimi alinipima Jumamosi mbili nzima. Msasa hakuugusa hata siku moja. Alikuwa anasema msasa unakula mti bila kuuliza. Ikimalizika, ile bunduki ni yako na ya uso wako, mwenzio akiishika anajiona amevaa viatu vya mtu.

Enzi zile! Tulikuwa wanne. Mimi na Nomvula, Papa Kalenga na mkewe, Mama Bernadette. Jumamosi asubuhi tunapanda bakkie yangu, yaani pikapu, wanawake mbele kwenye joto, Nomvula akishika usukani, sie wanaume nyuma tumejifunika mablanketi, tunaenda kusini nje ya jiji, kwenye ploti ya Oom Dirk, Kaburu mmoja mfuga kuku ambaye Papa alimtengenezea bunduki, naye akamruhusu kutumia uwanja wake maisha. Tunapanga vizibo juu ya ubao. Chai ya tangawizi kwenye chupa, chikwangue ya muhogo, sombe ya jana, yaani kisamvu, mkate wa spaza, duka la mtaani. Oom Dirk anakuja na mayai ya kuchemsha, anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, anacheka hata pale asipoelewa kitu.

Na bingwa wetu alikuwa Mama Bernadette. Usibishe, nilikuwepo. Mwanamke mwembamba, uso mwembamba, msusi huko Joubert Park, siku nzima amesimama anasuka vichwa vya watu. Jumamosi anakuja na kitenge chake, amejipaka glisirini na poda, anakaa kwenye benchi, anavuta pumzi, anaiachia nusu, tii. Kizibo hakipo. Tii. Kingine hakipo. Mimi nikikosa ananiambia, "Beno, bile bizibo bilikukosea nini? Tena biko bingi, piga hata kimoja!" Tunacheka mpaka kuku wanakimbia.

Bunduki yake ilikuwa namba moja. Ya kwanza ambayo Papa aliitengeneza katika nchi hii, kabla hajauza hata moja. Mti wake wa wolnati aliutoa kwenye kitanda kilichotupwa barabarani. Mtutu mwembamba, kitako kirefu kidogo na kimenyanyuka juu, kwa ule uso wake mwembamba. Ukiishika unapata uzito wote katikati ya mikono, haielemei mbele wala nyuma. Nimeshika bunduki nyingi. Hakuna iliyoifikia ile.

Mama Bernadette alifariki mwaka 2014. Kisukari. Papa hakuja kwenye ploti mwaka mzima.

Aliporudi, ilikuwa Agosti, baridi kama hii ya leo, alikuja nyumbani na namba moja imefungwa kwenye kitenge cha mkewe. Akaniwekea mezani. Alisema, "Siwezi kuiangalia pale nyumbani. Wewe unazipenda hizi. Ikae kwako. Nikiimiss nitakuja." Nililia siku ile, sioni haya kusema. Nilijiona nimepewa kitu ambacho hakuna mtu mwingine Johannesburg nzima angepewa.

Wiki ya pili nikaiharibu.

Nataka kueleza vizuri kwa sababu najijua, nisipoeleza leo nitaanza kujitetea. Mimi ni fundi makochi. Mtu ananiletea kiti cha bibi yake, kimechakaa, kimeshika mafuta ya vichwa vya watu miaka arobaini, na mimi kazi yangu ni kukirudisha kiwe kipya. Napiga msasa, napaka vanishi, mteja anashangilia. Mkono wangu umezoea hivyo. Basi nikaiangalia namba moja, nikaona pembeni ya kitako, mahali pa kulaza shavu, pana doa jeusi la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Linang'aa, limeingia ndani ya mti, lina mnato kidogo. Nikaona uchafu. Nikasema mimi nitamtengenezea Papa kitu atakachojivunia.

Msasa namba themanini. Halafu mia na hamsini. Halafu ule laini. Doa lilikuwa limezama, ikabidi niendelee kula mti mpaka likaisha. Vanishi mikono mitatu. Nikaitundika ukutani, ikawaka kama samani ya hotelini. Nikaipiga picha nikaiweka hapa hapa kwenye blogu, na nyinyi mkanisifu.

Nomvula akarudi kazini, akasimama mlangoni na mkoba wake. Akaangalia kwa muda. Akasema, "Beno. Umemfuta Mama Bernadette."

Hapo ndipo nilipoelewa. Lile doa lilikuwa glisirini na poda na jasho la Jumamosi zote zile. Lilikuwa shavu lake. Kitu pekee cha mwili wake kilichobaki juu ya ardhi, na mimi nimekikung'uta sakafuni nikakifagia pamoja na vumbi la makochi. Nilikwenda kwenye pipa la taka. Gari la taka lilikuwa limepita asubuhi.

Ile picha niliifuta siku hiyo hiyo. Aliyewahi kujiuliza imekwenda wapi, ndiyo hivyo.

Papa alipouliza habari za namba moja, nikamwambia springi imechoka, naisubiri nyingine. Akasema nimletee aikunje mwenyewe. Nikasema usijisumbue, mzee, macho yako. Na kweli macho yake yalishaanza ukungu. Miaka mitatu nimekuwa napeleka ploti bunduki zile nne, namba moja naiacha kabatini. Miaka mitatu mtu ananiuliza hali ya bunduki yake kama anauliza mgonjwa, na mimi namjibu bado, bado, wiki ijayo. Nina uso mkavu, sikujua.

Wiki mbili zilizopita Papa akatuambia anarudi Likasi moja kwa moja. Watoto wake wamemmalizia nyumba kule, na kwa macho yale hawezi tena kukereza. Basi linaondoka Jumanne. Akanishika mkono akasema, "Beno, ile bunduki ya bibi yangu, kuipitisha mipaka yote ile siwezi, watanifanyia kesi. Itabaki kwako. Ila Jumamosi uilete, hata kama springi imekufa. Nataka kuweka shavu tu. Mara moja. Njo niende."

Njo niende, yaani ndipo niende zangu; na bibi kwao ni mke. Nilisema sawa, mzee.

Nilikuwa na siku kumi na tatu za kumwambia ukweli. Nilizitumia zote kutafuta rangi.

Jana mchana nilifunga karakana mapema. Nikachukua rangi ya viatu, ya kahawia iliyokoza, nikachanganya na nta ya sakafu, nikaipaka pale kwenye kitako kwa kitambaa, kwa mzunguko, kidogo kidogo. Nilikuwa na picha nyingine ya zamani kwenye simu, Mama Bernadette amekaa benchini, nikawa nafananisha. Nikaiweka karibu na hita ikauke. Ikatoka vilevile. Mungu anisamehe, nilijisifu.

Nomvula alinikuta. Akauliza ninafanya nini, nikamwambia. Akavuta kiti. "Kwa hiyo mzee wa watu atakwenda kumuaga mkewe, na wewe unampa kiatu?" Nikamwambia hataona, macho yake mabovu. Akasema, "Mwambie ukweli usiku huu, au mwambie kesho kwenye gari. Ila mimi sitakuja kuangalia." Na kweli hakuja.

Leo asubuhi nikampitia Papa. Alikuwa amevaa suti. Suti nyeusi ya kanisani, na skafu, kwenda kwenye ploti ya kuku. Njia nzima nasema kwenye robot ijayo, yaani taa za barabarani, nitamwambia. Robot ikawaka nyekundu, tukasimama, ikawaka kijani, tukaenda. Robot ngapi? Alikuwa anahadithia siku alipompima uso mkewe, jinsi mama yule alivyokataa kufumba macho kwa kuogopa atachezewa. Nikawa nacheka pale pa kucheka.

Kule kwenye ploti upepo ulikuwa umetulia kidogo, jua likatoka. Oom Dirk akaleta mayai yake. Papa akakaa kwenye benchi lile lile, akanyoosha mikono, nikampa. Aliipapasa kwanza mtutu. Halafu akafumba macho, ingawa siku hizi kufumba na kufumbua kwake hakuna tofauti kubwa, akaipandisha begani, akalaza shavu.

Akakaa hivyo.

Sijui ni dakika ngapi. Midomo yake ilikuwa inasema kitu kwa sauti ya chini, nadhani kwa Kiluba, sikusogea kusikia. Jua linampiga usoni, mikono imetulia kabisa. Nikamshukuru Mungu. Kwa kweli nilishukuru. Nikajiambia unaona, Beno, hukumwambia na amepata alichokitaka, hakuna aliyeumia.

Akashusha bunduki, akatugeukia. Shavu zima lilikuwa kahawia. Kuanzia jicho mpaka taya, na kola ya shati jeupe pia. Nta ilikuwa imelainika juani.

Oom Dirk, maskini, akacheka. Akamwuliza kwa Kiingereza kama amekula chokoleti bila kutugawia.

Papa akajigusa shavu. Akaleta vidole puani. Akanusa, akanusa tena. "Siraji," akasema. Ndivyo Wakongo wanavyoita rangi ya viatu. "Beno, kwa nini bibi yangu ananuka siraji?"

Nikamwambia. Nimesimama palepale mbele ya vizibo nikamwambia kila kitu, msasa, vanishi, springi ambayo haijawahi kuchoka, rangi ya jana. Sikulia, nilikuwa naongea haraka haraka kama mtu anayesoma tangazo. Oom Dirk hakuelewa neno lakini aliacha kumenya yai.

Papa alichukua kitambaa changu akafuta kitako, siyo uso wake, kitako, mpaka kikawa kisafi. Akapitisha kidole gumba pale pa shavu, taratibu, kwenda na kurudi. Nilijua anapima. Kidole kile kinajua unene wa unywele. Halafu akafumba macho, akaipandisha tena. Akafumbua. Akaishusha. Akarudia mara ya pili.

"Ulitoa mti mwingi," akasema. "Sasa inaenea uso yangu." Akaigeuza mikononi. "Mi sikuomba ienee uso yangu."

Akanirudishia. Hakupiga hata risasi moja.

Tukapanda gari kurudi. Nilimwomba nimfute shavu akanizuia kwa mkono, akajifuta mwenyewe kwa skafu, nusu nusu. Kuanzia kule ploti mpaka Observatory nilikuwa nasikia vizibo vinagongana ndani ya mfuko, sikutamani kitu kingine zaidi ya yeye kunitukana. Anitukane kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kiluba, lolote. Tulipofika getini kwake nikamwambia, mzee, nikasirikie basi. Akafungua mlango, akashuka, akaegemea dirishani.

"Ntakasirika nikifika Likasi," akasema. "Huku niko na mizigo ya kufunga."

Akaingia ndani na ile suti yake yenye kola ya kahawia.

Nimekaa hapa tangu saa tisa nikilitafakari hilo. Nomvula amenipikia, ameweka sahani, hajasema "nilikwambia", na hilo ndilo linaniuma zaidi. Nimeitoa namba moja kwenye kitambaa nikailaza mapajani. Bado ni nzuri. Hiyo ndiyo shida, ni nzuri sana, imesimama sawa mkononi kama zamani, chuma kile kile, ngozi ile ile ndani. Ukimpa mtu asiyejua, atasema imetunzwa.

Nimejikagua kwa ukweli. Miaka yote hii nimejiita mpenzi wa bunduki za mkono. Nilikuwa napenda ziwe zangu. Papa alikuwa anakwangua mti kwa kioo kwa ajili ya uso wa mtu fulani, anaujua uso huo, na mimi nilikuwa nakusanya vitako vya nyuso nisizoziuliza kitu. Zile nne nyingine, moja ndiyo ile niliyopimiwa uso, tatu nimezinunua kwa watu. Mbili kati yake sijui hata ziliwahi kuwa za nani. Kuanzia kesho nitawatafuta waliozimiliki, mmoja mmoja, niwaulize walivyokuwa wanazilaza. Msasa sitaugusa karibu nazo tena.

Lakini hayo ni mambo ya bunduki. Swali la leo siyo bunduki.

Papa hakuniambia Jumanne nije wala nisije. Basi lake linaondoka alfajiri pale Park Station, na ana mabegi manne, yale makubwa ya plastiki yenye miraba, na mtu wa kumbebea hana. Inawezekana atanipa kisogo mbele ya foleni nzima. Inawezekana hasira yenyewe ataianzia hapo hapo, asisubiri Likasi. Nimeshaweka alamu ya saa kumi. Akinipa kisogo, nitabeba mabegi nikiwa nyuma yake.